Bima ya afya: mlango ulifunguliwa kwa nani, na lini?

Ndugu msomaji, tangu nilipogusia habari ya bima ya afya katika mazungumzo yetu ya redioni majuma machache yaliyopita, simu yangu haijapumzika. Wananchi wa Sekei, Sanawari, Kijenge, hata wa kule Usa River, wameniletea ujumbe, na karibu wote wanauliza swali moja kwa maneno tofauti: kwa nini mtu mwenye fedha mkononi, aliye tayari kulipa leo, anaambiwa asubiri? Na kwa nini kadi ya baba inamtibu mtoto huyu na kumwacha yule, ilhali wote wamelala chumba kimoja na kula chungu kimoja?

Swali hilo halina jibu la dakika mbili. Ili ulielewe hapana budi urudi nyuma, kwani masharti haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitungwa na watu, kwa sababu maalumu, na kila kizazi kiliyabadili kwa namna yake.

Tuanzie mbali kidogo. Mwezi Juni mwaka 1883 Bunge la Ujerumani, chini ya Kansela Bismarck, lilipitisha sheria ya bima ya wagonjwa kwa wafanyakazi wa viwandani. Mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja, na mfanyakazi akiugua alitibiwa na kupewa posho. Wataalamu wa mambo haya huitaja sheria hiyo kuwa mama wa bima za afya za lazima ulimwenguni. Wajerumani haohao walifika huku kwetu, na kufikia mwaka 1900 walikuwa wamejenga boma lao hapa Arusha, lile ambalo leo ni makumbusho, karibu na Barabara ya Boma. Waarusha na Wameru ndio waliobebeshwa mawe na chokaa, kwa nguvu. Bima ya Bismarck haikupanda meli. Mfanyakazi wa Hamburg aliyevunjika mguu alikuwa na mfuko wa kumtunza. Aliyevunjika mguu akijenga boma la Arusha alirudishwa kwao akatunzwe na ndugu. Waingereza nao, walioanza kuwa na utaratibu wa bima ya wafanyakazi kwao mwaka 1911, hawakutuletea wao. Kwa hiyo katika miaka yote ya ukoloni swali la nani anastahili lilikuwa na jibu fupi, nawe unalijua.

Lakini nisiseme kwamba wazee wetu hawakujua bima. Walijua kabisa, ila hawakuiita hivyo. Chama cha kufa na kuzikana ni nini kama si bima? Nenda mtaa wowote wa Arusha, utakuta wakina mama wana daftari la michango. Waulize masharti. Watakuambia kwamba mwanachama mpya hafiwi leo na kupewa rambirambi kesho. Lazima achange miezi kadhaa kwanza. Watakuambia pia msiba wa nani unahesabika: mume, mtoto, baba na mama mzazi, labda mkwe, lakini binamu hapana. Mbona hakuna anayewanung'unikia? Kwa sababu kila mmoja anaelewa kwamba wasipoweka sharti hilo, watu watajiunga siku mgonjwa anapokata roho, watachukua rambirambi, nao hawataonekana tena. Daftari lingekufa kabla ya mwaka kwisha.

Basi liweke hilo daftari mezani, tutalirudia.

Baada ya uhuru, jirani zetu wa Kenya waliwahi mapema. Mwaka 1966 walianzisha mfuko wao wa bima ya hospitali, na mwanzoni walioingizwa kwa lazima ni wenye mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi. Fikiria thamani ya shilingi 1,000 ya wakati ule! Kabwela alikaa nje ya uzio hadi mwaka 1972, milango ilipofunguliwa kwa wenye kipato cha chini na waliojiajiri kujiunga kwa hiari. Mfuko huo uliishi muda mrefu, ukapita katika kashfa na marekebisho, mpaka Oktoba 1, 2024 ulipopisha mfuko mpya unaotoza asilimia 2.75 ya mshahara.

Sisi Tanzania tulishika njia nyingine kabisa. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, baada ya wakubwa wa TANU kukutana hapahapa mjini. Ukishuka kutoka Sekei hadi Kaloleni utaliona jengo la makumbusho ya Azimio, na mwenge wake hauko mbali. Siasa ya Ujamaa ilisema matibabu ni haki ya kila raia na mzigo huo utabebwa na serikali. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyopiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida, zikabaki hospitali za serikali na za mashirika ya dini, kama Selian kule Ngaramtoni au Nkoaranga kwa Wameru. Katika utaratibu huo hapakuwa na kadi, hapakuwa na mtegemezi wala dirisha la kujiandikisha. Sharti la kutibiwa lilikuwa kuugua.

Nawasikia wazee wakiikumbuka enzi ile kwa kuguna kwa furaha, nami siwakatalii. Zahanati zilijengwa vijijini kwa wingi, chanjo ziliwafikia watoto, na mkulima wa kahawa wa Poli hakuulizwa ana shilingi ngapi kabla ya kupimwa. Hata hivyo fedha za kuendesha mambo hayo zilitegemea uchumi, nao uchumi ulikuwa na kikohozi chake. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, bei mbaya za mazao. Mwaka 1986 tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na kila aliyekuwa na mibuni kwenye mteremko wa Mlima Meru aliuonja uchungu wake. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini matibabu yalikuwa ya bure kwa jina tu. Dawa hazipo, glovu hazipo. Wengi wa rika langu tunakumbuka kutumwa dukani kununua daftari la shule la kwenda nalo hospitali, kwa kuwa hata karatasi ya kuandikia ugonjwa ilikuwa adimu.

Ndipo lilipokuja neno "uchangiaji". Benki ya Dunia ilikuwa imelihubiri tangu mwaka 1987 katika waraka wake juu ya kugharimia afya katika nchi maskini. Mwaka 1991 tiba binafsi ikaruhusiwa tena. Kisha Julai 1993 serikali ikaanza kutoza ada katika hospitali za rufaa, baadaye za mikoa na wilaya, hatua kwa hatua. Watu wakalipa jina lake, nalo limebaki mpaka leo: papo kwa papo. Unaumwa, unalipa, unatibiwa. Huna, unarudi.

Sitaki kusema hakukuwa na huruma katika utaratibu ule. Misamaha iliandikwa: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma, na wale wasio na uwezo. Baadaye wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wakaongezwa. Kwenye karatasi ilipendeza. Kwenye dirisha la malipo, "asiye na uwezo" alipaswa kuthibitisha kwamba hana uwezo, kwa barua, na mwenye kuiandika barua yuko ofisini siku nyingine. Malaria haisubiri saa za kazi.

Hapo ndipo bima ilipoanza kuzungumzwa kwa dhati nchini, kama dawa ya ugonjwa ulioletwa na papo kwa papo. Kule Dar es Salaam, katikati ya miaka ya tisini, wafanyabiashara ndogondogo waliungana katika UMASIDA, yaani Umoja wa Matibabu Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam. Serikali nayo ilichagua wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, ijaribu kitu kiitwacho Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 1996 kaya ya Igunga ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka mzima, nayo serikali ikaongeza kiasi kilekile juu yake kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Nyongeza hiyo ilipewa jina tamu la Kiswahili, "tele kwa tele". Weka shilingi moja, nasi tunaweka moja.

Igunga ni nchi ya pamba. Nataja hilo kwa makusudi, kwa sababu katika habari nzima ya kujiunga na bima hakuna jambo lililosahauliwa na wakubwa kama kalenda ya mkulima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulikuwa wazi mwaka mzima, ungeweza kulipa Machi au Novemba. Lakini mkulima hana fedha mwaka mzima. Anazo miezi miwili au mitatu baada ya kuuza, na miezi hiyohiyo ada ya shule inamngoja, deni la pembejeo linamngoja, na harusi ya mdogo wake haijamsahau. Kwa maneno mengine mlango ulikuwa wazi miezi kumi na miwili, mfuko wa suruali ukawa wazi miwili. Aliyebuni utaratibu alihesabu ya kwanza tu.

Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001, ukaanza kuenea halmashauri moja baada ya nyingine. Msomaji anayetaka kuelewa kustahili ni nini na atazame sheria hiyo inasema kaya ni nani. Kaya ni baba, mama na watoto wao walio chini ya miaka 18. Ukishatimiza 18 wewe ni kaya yako mwenyewe, hata kama bado unalala sebuleni kwa mama yako. Sasa lete tafsiri hiyo huku kwetu. Boma la Mwarusha laweza kuwa na wake wawili au watatu, kila mmoja na nyumba yake, bibi mzaa baba katika nyumba ya nne, na wajukuu ambao wazazi wao wako Mererani wakitafuta tanzanaiti. Hao ni kaya ngapi? Mzee mwenyewe atakujibu ni moja, na atashangaa umeuliza. Karani mwenye kitabu cha stakabadhi atakujibu ni nne, na kila moja inunue kadi yake.

Kulikuwa na mpaka mwingine, huu wa ardhini. Mfuko ulikuwa mali ya halmashauri. Kadi uliyoikata ilikutibu katika vituo vya halmashauri hiyo, aghalabu kituo ulichokichagua siku ya kujiandikisha. Nasi wakazi wa Sekei tunaishi kwenye ukingo: ukipanda kidogo kuelekea mlimani unaacha mji na kuingia Arumeru, wilaya ambayo nayo mwaka 2007 iligawanywa kuwa halmashauri mbili, Arusha na Meru. Mjini ulikuja utaratibu wake, uliopewa jina la TIKA, yaani Tiba kwa Kadi, uliomhesabu mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo ndugu wawili wa tumbo moja, huyu akiwa amejenga upande huu wa mto na yule upande wa pili, walikuwa katika mifuko miwili yenye bei mbili na masharti mawili. Dada akija kumtembelea kaka yake na kuugua usiku, kadi yake ilikuwa karatasi tu.

Wakati haya yakitendeka kwa wakulima na wachuuzi, mwenye mshahara alikuwa amejengewa nyumba yake pembeni. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999, na mwaka 2001 mfuko ukaanza kazi. Watumishi wa serikali kuu ndio walioanza, baadaye wakaja watumishi wote wa umma, na miaka iliyofuata makundi mengine mengi. Makato ni asilimia 6 ya mshahara, 3 kutoka kwa mtumishi na 3 kutoka kwa mwajiri. Manung'uniko yalikuwa mengi mwanzoni, hasa kwa walimu, ambao wengi waliona wanakatwa kila mwezi na zahanati iliyo karibu na shule haina hata panado. Haki yao kulalamika. Lakini tazama mambo mawili.

La kwanza, hapakuwa na kuchagua siku ya kujiunga. Ulipoajiriwa, uliingia, mzima wa afya na mwenye kisukari sawasawa. Kijana wa miaka 25 aliyemaliza chuo, ambaye hajaona daktari tangu kupimwa kwa ajili ya ajira, alikatwa sawa kwa asilimia na mwalimu mkuu mwenye shinikizo la damu. Fedha ya kijana ndiyo iliyomtibu mzee. Hiyo ndiyo siri ya bima, na ndiyo maana mfuko ule ulisimama wakati mifuko ya hiari ilikuwa ikiyumba.

La pili ni hesabu ya watu. Mchangiaji, mwenza wake wa ndoa, na wategemezi wanne. Jumla sita. Wategemezi wanaweza kuwa watoto, wanaweza kuwa wazazi. Inaonekana ni ukarimu, mpaka uingie katika nyumba yenyewe. Nilimfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Akeri, aliyekuwa na watoto wanne na mama mjane mwenye shinikizo la damu. Nafasi nne, roho tano. Aliandika watoto. Kwa miaka kadhaa mama alitibiwa kwa fedha taslimu, na kwa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mpaka kifungua mimba alipovuka umri na nafasi ikapatikana. Mwalimu alinieleza kwamba siku alipopeleka fomu yenye jina la mama yake alijisikia kama aliyelipa deni. Sijui aliyeandika namba nne katika sheria alikuwa na watoto wangapi.

Tena wasisahauliwe waliokuwa na kazi za viwandani. Zamani mashirika mengi ya umma yalikuwa na utaratibu wa kuwalipia wafanyakazi wao matibabu. Arusha ilikuwa mji wa viwanda, tena vya kujivunia: Kilitex ya vitambaa, General Tyre ya matairi. Vilipofungwa, Kilitex kwanza na General Tyre baadaye, mfanyakazi alipoteza mshahara na matibabu kwa barua moja. Bima iliyofungwa kwenye ajira ina kamba fupi. Hilo limeonekana hata Marekani, nchi tajiri kuliko zote, ambako mtu akifukuzwa kazi hupoteza na kadi ya familia nzima.

Na kwa kuwa nimeitaja Marekani, niseme jambo lililowashangaza ndugu zetu wengi waliohamia huko. Tangu mwaka 2013, chini ya sheria ya Rais Obama, mtu anayejinunulia bima katika soko la serikali hawezi kujiandikisha siku anayopenda. Kuna msimu wake, kwa kawaida unaofunguliwa Novemba 1 na kuendelea kwa majuma kadhaa. Ukipita, umepita, unangoja mwaka mwingine, isipokuwa kama umeoa, umezaa, umehama au umepoteza kazi. Hapo unapewa kwa kawaida siku 60. Hapa jirani, Rwanda, bima ya jamii waliyoianza kwa majaribio mwaka 1999 ina mwaka wake unaoanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kila mwaka viongozi wa vijiji hupita nyumba kwa nyumba kabla ya tarehe hiyo, na mchango huhesabiwa kwa familia nzima, usije ukamlipia mgonjwa peke yake ukawaacha wazima.

Sasa turudi kwenye lile daftari la kufa na kuzikana. Bila shaka umekwisha kuona kwamba msimu wa Marekani, Julai ya Rwanda, na miezi ya kungoja ya wakina mama wa mtaani ni kitu kilekile. Pale ambapo kujiunga ni hiari, lazima kuwe na kizuizi cha wakati, la sivyo watakaojiunga ni wagonjwa watupu. Pale ambapo kujiunga ni lazima, kama kwa mtumishi wa umma, kizuizi hicho hakihitajiki. Huwezi kuwa na hiari bila mlango unaofungwa. Wanaodai vyote viwili, hiari na mlango wazi siku zote, wanadai mfuko ufe.

Tuliyaona haya kwa macho yetu katika kisa cha Toto Afya Kadi. Mfuko wa Taifa ulianzisha kadi ya mtoto wa chini ya miaka 18 kwa shilingi 50,400 kwa mwaka, chini ya shilingi 150 kwa siku. Mzazi yeyote, mwajiriwa au mchuuzi wa Soko la Kilombero, angeweza kumkatia mwanawe. Wazazi waliipenda kupita kiasi. Lakini waliokuja kwa haraka ni wale ambao mtoto alikwishaumwa: mwenye tundu kwenye moyo, mwenye selimundu, anayehitaji upasuaji. Nani angewalaumu? Mimi ningekuwa wa kwanza kupanga foleni. Wenye watoto wazima walisema watakata mwakani. Mfuko ukatangaza kwamba gharama za watoto hao zinazidi michango yao mara nyingi, na mwezi Machi 2023 ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto waandikishwe kwa pamoja kupitia shule. Kilio kilikuwa kikubwa, magazetini na bungeni, na baadaye kadi hiyo ikarudishwa ikiwa na masharti mapya.

Kwa maoni yangu, hoja ya mfuko ilikuwa ya kweli na namna ilivyotekelezwa ilikuwa ya kikatili. Kuandikisha shule nzima ni jambo la akili: wazima na wagonjwa wanaingia kwa mkupuo mmoja. Lakini mtoto mgonjwa sana mara nyingi hayuko shule. Na mtoto wa miaka miwili hajui shule ni nini.

Kwa upande wa watu wazima, mwaka 2019 mfuko ulileta vifurushi vya hiari vilivyoitwa Najali, Wekeza na Timiza, bei ikipanda kwa umri na idadi ya watu. Kijana asiye na familia katika kifurushi cha chini alitakiwa shilingi 192,000 kwa mwaka. Sina haja ya kueleza ni vijana wangapi wa kijiweni wana fedha hiyo kwa mkupuo.

Mfuko wa Afya ya Jamii nao ulifanyiwa ukarabati. Baada ya majaribio yaliyoanzia Dodoma, mwaka 2018 ukasambazwa nchi nzima kwa jina la CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, maofisa waandikishaji wenye simu za mkononi wakipita mitaani na kupiga picha, na kadi inayofanya kazi kuanzia zahanati mpaka hospitali ya mkoa. Ule mpaka wa halmashauri nilioueleza ukalegea. Mpaka wa kaya haukulegea.

Jirani yangu mmoja hapa Sekei, mama muuza ndizi, alikata kadi hiyo mwaka 2020. Alifanya kila kitu sawa. Miezi michache baadaye mwanawe wa miaka 22, dereva wa bodaboda, aligongwa na kuvunjika paja. Kwenye dirisha la hospitali moja mama alitoa kadi. Karani aliisoma, akasema kijana ni mtu mzima, hayumo. Mama akafungua upande wa kanga, akatoa shilingi 30,000, akaomba amkatie kadi ya peke yake palepale. Akaambiwa hata akilipa, kadi mpya haianzi kufanya kazi leo. Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema kweli, tena kwa upole. Friji ya mama iliuzwa wiki ile, na biashara yake ya barafu na maji baridi ikaishia hapo. Nilimuuliza kama alikuwa amesomewa masharti siku ya kujiandikisha. Alinitazama akanijibu, "Mwanangu, walinisomea bei."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Tumetumia zaidi ya miaka ishirini na mitano kuwatangazia wananchi bei na faida, kwa ngoma na kwa vipaza sauti, na sisi wa redio tumelipwa kwa matangazo hayo. Masharti tumeyaacha kwenye kijitabu. Haishangazi basi kwamba mwaka 2022, wakati muswada wa bima kwa wote ulipofikishwa bungeni, Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa karibu asilimia 15 tu.

Muswada ule wa mwanzo ulikuwa mkali. Ulitaka kuifunga bima na huduma nyingine, kama vile leseni ya udereva na ya biashara, kwamba asiye na kadi asipate. Makadirio yaliyotajwa wakati wa mjadala yalikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Wananchi wakapiga kelele, wabunge wakauliza maswali, muswada ukarudishwa mezani. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, baada ya kutafutiwa vyanzo vya fedha za kuwalipia wasiojiweza, ikiwamo sehemu ya kodi za vinywaji baridi, pombe na vipodozi. Wenzetu wa Zanzibar walikwishatangulia mwaka huohuo kwa mfuko wao wa huduma za afya, ukianza na watumishi wa umma.

Kwa sheria hiyo, Tanzania Bara imesema kila mkazi anapaswa kuwa na bima, na utekelezaji ni wa awamu. Kwa mujibu wa daftari la wakina mama, hiyo ndiyo njia pekee ya kuondoa kizuizi cha wakati: wote ndani. Lakini kadi nayo si tiba. Machi 2024 hospitali nyingi za binafsi zilikataa kwa siku kadhaa kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa, zikigombana nao juu ya kitita kipya cha bei. Watu walisimama mapokezi na kadi halali mkononi.

Kwa leo, msomaji, fanya jambo moja dogo jioni. Chukua kadi zilizomo nyumbani, uzipange mezani. Tazama tarehe ya kumalizika. Hesabu waliolala humo ndani, kisha hesabu majina. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu, cheti chake cha kuzaliwa kimetoka, naye ameongezwa? Aliyetimiza miaka 18 ameondolewa bila ninyi kujua? Mama yupo kijijini, yumo katika kadi ya nani kati yenu ndugu watano, au kila mmoja anadhani yumo kwa mwenzake?

Na kuna swali ambalo nimeshawapelekea viongozi wa mtaa wetu nami nangoja majibu. Sheria ya mwaka 2001 ilizipa kamati za afya za kata uwezo wa kupendekeza kaya maskini zipewe kadi bila malipo. Katika miaka yote ambayo nimeishi Sekei sijamwona hata mtu mmoja aliyepata kadi kwa njia hiyo. Sasa sheria mpya inasema tena wasio na uwezo watatambuliwa na kulipiwa. Nimeomba nielezwe orodha hiyo kwa kata yetu inaandikwa na nani, inabandikwa wapi, na mtu aliyerukwa jina anapeleka malalamiko yake kwa nani kabla hajaugua. Nikipata jibu nitalisoma hewani kama lilivyo.